Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: friji ya sumaku ijaribiwe Lamu kabla haijaundiwa jikoni za wengine

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mambo ya nishati, uvuvi na vyuo vya ufundi huku kwetu,

KUH: BARIDI YA SUMAKU, GESI ZA FRIJI, NA BARUA ZANGU TATU ZISIZOJIBIWA

Assalaam alaykum, na kwa wasiokuwa Waislamu salamu zenu za heshima ziwafikie pia.

Mimi ni fundi wa friji hapa Amu, yaani Lamu mjini, kibanda changu kiko Langoni, kazi hii nimeianza 1998 nikimshikia tochi mwalimu wangu, Mungu amrehemu, na tangu hapo sijafanya nyengine. Sikutaka kuandika mbele ya watu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono ikagongwa muhuri mbele yangu, ya pili nikatuma kwa imeili, ya tatu nikampa mmoja wenu mkononi baada ya swala ya Ijumaa, akaifungua akaisoma nusu akanambia "fundi, mambo ya sumaku hayo ni ya vitabuni, wewe tengeneza friji". Hakunambia kwa ubaya, najua, lakini hilo si jibu, kwaivo leo naandika hapa ili na wengine wasome na mtu akiniona nimekosea anikosoe waziwazi.

Mapema kabisa niseme kitu kimoja ili tusipotezeane wakati. Friji ya sumaku, yaani inayopoza kwa nguvu za sumaku badala ya kusukuma gesi, leo huwezi kwenda Mombasa ukainunua dukani. Haiko. Siwaombi mnunue kitu ambacho hakiuzwi. Ninachoomba ntakisema mwisho, kwanza nisikilizeni malalamiko yangu moja moja.

1. Mashine mnazotuletea hazikuundiwa huku.

Nje ya kibanda changu kuna rundo la kompresa, zile pampu za kusukuma gesi ya friji, zilizokufa, wapitao na punda wananilaumu kila siku kwamba naziba njia. Ukizikata zile kompresa nyingi utakuta ugonjwa ni mmoja, waya za ndani zimeungua. Stima inakatika alafu inarudi kwa kishindo, kompresa bado ina presha upande mmoja haijapumua inalazimishwa kuanza, inavuta moto mkubwa, inanguruma, basi. Mwenye gadi ya friji, kile kidude cha kuikinga na stima, anaponea mara moja mbili, asiekuwa nayo ndio huyo analeta kompresa kwangu. Na zile ambazo stima haikuziua zimeuliwa na chumvi, mabomba ya kondensa, yale ya kutoa joto nje, yanaliwa na hewa ya bahari mpaka yanatoboka kitundu kama cha sindano, gesi inatoka pole pole mwenye friji hajui, anaona tu maziwa yameharibika.

Alafu kuna hizi friji mtumba zinazokuja na makontena. Fungueni mlango muangalie stika ya ndani, kuna herufi pale. Ikiandikwa T ni ya nchi za joto, inavumilia hewa ya mpaka nyuzi 43. Ikiandikwa N au SN mwisho wake ni nyuzi 32. Sasa jikoni la nyumba ya Mkomani mwezi wa pili, kaskazi imetulia, jiko limewaka, hizo 32 zinapitwa kabla ya adhuhuri, na friji ya N hapo inafanya kazi mchana kutwa bila kupumzika mpaka ife. Nimezitengeneza nyingi na kila nikimwambia mtu stika yako inasema hivi ananambia hakuna alienambia.

Kuna jirani yangu, mama mtu mzima, anajidunga insulini. Kompresa yake iliungua usiku, asubuhi akaja kwangu na zile chupa amezifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya mtungi kama walivokuwa wakifanya bibi zetu na maji ya kunywa. Tulizipeleka kwa mwengine mwenye friji. Waheshimiwa, mimi siwezi kumsahau yule mama na ule mtungi, nikisikia mtu anasema friji ni anasa nafunga mdomo kwa nguvu.

Na chumba cha baridi cha samaki mnakijua. Kililetwa, kikafunguliwa kwa utepe, wavuvi wakashangilia, fundi wa hapa hata mmoja hakuulizwa, na kaskazi ya pili hakikuiona mwisho wake. Sasa hivi wavuvi wamerudi kwenye barafu za kununua, na mtu wa Kizingitini mwenye kamba wake anauza haraka kwa bei ya mnunuzi kwa sababu hana pa kuwaweka.

2. Gesi.

Hapa nasema kama fundi na naona aibu kidogo, kwa sababu na mimi miaka ya nyuma nilikuwa naimwaga hewani kama wenzangu wote, unakata bomba unaiachia inatoka. Gesi ya R134a, ile ya friji nyingi za nyumbani, kilo moja ikitoka inapasha dunia kama kilo 1,430 za kaboni dioksaidi ukihesabu kwa miaka 100. Ile ya vyumba vya baridi, R404A, kilo moja ni kama kilo 3,922. Karibu tani 4, kwa gesi unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Na sisi ndio watu wa kisiwa, bahari ikipanda hatuna mlima wa kukimbilia.

Dunia ilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, gesi za namna hii zipunguzwe. Kwa nchi kama zetu mwaka wa kusimama, yaani matumizi yasipande tena, ulikuwa 2024, alafu 2029 zipungue asilimia 10, 2035 asilimia 30, 2040 asilimia 50, na 2045 asilimia 80. Sasa niambieni, chumba cha baridi mkikinunua leo na gesi ya R404A mkitarajia kiishi miaka 15, hiyo gesi ya kukichaji miaka hiyo itatoka wapi na kwa bei gani? Nilipouliza hili kwenye barua ya pili sikuwa nabishana, nilikuwa nauliza kweli.

3. Mmeidharau sumaku bila ya kuielewa, na mngeniita ningewaeleza kwa dakika kumi.

Chukua mpira wa manati, ule wa kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Uvute ghafla mpaka mwisho uguse na mdomo wa juu, utasikia joto. Kaa nao hivohivo umeuvuta upoe kidogo, kisha uachie urudi na uguse tena. Baridi. Wajukuu zangu nimewafanyia hivi wamecheka siku nzima. Hakuna gesi pale, hakuna kompresa, ni kitu kigumu tu kimevutwa kikatoa joto, kimeachiwa kikavuta joto.

Sasa kuna chuma kinaitwa gadoliniamu kinafanya mambo hayohayo, ila badala ya kukivuta unakiingiza kwenye sumaku. Kila chembe yake ni kisumaku kidogo, na bila sumaku ya nje kila kimoja kinaangalia kwake, kama watu waliojaa uwanja wa Riyadha siku ya Maulidi kabla ya matwari kuanza. Sumaku ikifika ndio twari limelia, wote wanaingia safu. Ile fujo ya mwanzo haipotei, inahamia kwenye mtetemo wa chuma chenyewe, na mtetemo ndio joto. Hapo unapitisha maji yanalibeba joto kulitoa nje ya friji. Kisha ondoa sumaku: safu inavunjika, vile visumaku vinataka fujo yao tena na hakuna pa kuitoa ila kwenye ule mtetemo, kwaivo chuma kinapoa kupita pale kilipoanzia. Unapitisha maji tena, yanatoka baridi, yanakwenda kwenye kabati la chakula. Kinachozunguka ni maji na dawa ya kuzuia yasigande. Bomba likitoboka unapangusa sakafu.

Kwa sumaku ya tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu za sumaku) gadoliniamu inapanda au kushuka nyuzi 2 au 3 tu, na hapo ndipo watu huwa wananicheka, eti nyuzi 3 zitagandisha nini. Lakini ule mchezo unarudiwa mara kadhaa kila sekunde, na chuma chenyewe kinawekwa kwa chembechembe au vibati vyembamba maji yapite katikati, yanakwenda na kurudi, kila yakipita upande mmoja unazidi joto na mwengine unazidi baridi mpaka tofauti inakuwa kubwa. Gerald Brown wa NASA alilionyesha hili 1976, kwa gadoliniamu na sumaku kubwa sana ya tesla 7, akapata tofauti ya nyuzi 47 baina ya upande na upande. Nyuzi 47! Jikoni la Lamu na friza ndani yake.

Na si jambo la jana. Wanasayansi Weiss na Piccard waliliona kwenye nikeli 1917. Mwenzao Giauque alilitumia 1933 kushuka karibu kabisa na mwisho wa baridi wote, akapewa tuzo ya Nobel 1949. Mwaka 1997 Pecharsky na Gschneidner kule Ames, Iowa, Marekani, walitoa mchanganyiko wa gadoliniamu, silikoni na kitu kingine kinachoitwa geramaniamu ambao athari yake ni kubwa zaidi, na kuanzia hapo watu wakaamini kwamba hata friji ya nyumbani inawezekana. Mwaka 2015 makampuni ya Haier, BASF na Astronautics yalionyesha kabati la kupoza mvinyo Las Vegas linalofanya kazi kwa sumaku. Nawataja ili mjue sikuokota haya mtaani, na kama ni ya vitabuni basi vitabu vyenyewe vina zaidi ya miaka mia.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi: inaundwa sasa hivi, na hatumo.

Nisomeni hapa kwa utulivu tafadhali. Chuma cha namna hii hakifanyi kazi sawasawa kwenye kila joto. Kila kimoja kina mahali pake ambapo athari inakuwa kubwa, wenyewe wanapaita nukta ya Curie, na kwa gadoliniamu ni karibu na nyuzi 20. Nyuzi 20 ni jikoni ya Denmark. Huku hata usiku wa baridi wa kusi ni nadra kushuka mpaka 20. Ndio maana watafiti wanapanga tabaka, chuma hiki kwa nyuzi 5, kile kwa 15, kile kwa 25, na wanao mchanganyiko wa lanthani, chuma na silikoni ambao wakiutia haidrojeni wanaweza kuusogeza mahali wanapotaka. Sasa nani anaamua tabaka la mwisho liwe la nyuzi ngapi? Anaamua yule anaejua jikoni la nani analiundia. Kama hajawahi kusikia jikoni la Amu, tabaka zitaishia 30, na miaka ishirini ijayo zitatufikia friji za sumaku kwa kontena zenye ugonjwa uleule wa ile stika ya N.

Kuna na kutu. Sumaku zenye nguvu zinazotumika ni za neodimiamu, na hizo bila kupakwa vizuri zinaliwa na unyevu vibaya sana, hii chumvi yetu ndio usiseme. Gadoliniamu nayo haipendi maji ya muda mrefu bila dawa. Haya ni madhaifu ya kweli na siyafichi. Lakini mahali gani pa kuyajaribu kama si hapa? Wako watu Denmark, Darmstadt ya Ujerumani, Ljubljana ya Slovenia, na Iowa wanazifanyia kazi hizi mashine kwenye maabara nzuri, kavu, stima haikatiki. Fundi wa Matondoni akiunda jahazi hasemi limekamilika likiwa bado mchangani, analishusha majini na kulisikiliza mbao zikinywa. Sisi tunayo hayo maji. Joto tunalo, chumvi tunayo, na stima ya kurudi kwa kishindo mnajua kama tunayo. Miaka yote tunaviona hivi vitu kama balaa, mimi naviona kama maabara ambayo wengine watalipa kuijenga.

Najua mtakayosema, mengine nimeshaambiwa.

Mtasema ni ghali. Ni kweli, sumaku ndio inayokula pesa, na ni nzito, na madini yake mengi yanatoka China. Lakini kujaribiwa kwa mashine ya mtu hapa kwetu sio kuinunua. Na hayo madini adimu tusiyaongee kama ya mbali, Mrima pale Kwale wataalamu wanajua siku nyingi kwamba yako chini, na mazungumzo ya Mrima kila siku ni ya kuchimba na kuuza udongo, sijasikia hata mara moja yakitajwa pamoja na mtoto wa Pwani kufundishwa hayo madini yanafanya nini.

Mtasema friji mpya zina gesi ya R600a na haidhuru hali ya hewa. Kweli tena, na mimi nawashauri wateja wangu wainunue hiyo, ni gesi nzuri. Ila inashika moto, fundi asiefundishwa akilehemu bomba bila kuitoa vizuri anaweza kuungua uso, na bado kompresa ni ileile na stima ni ileile. Friji ya sumaku nayo inataka stima, ina mota na pampu, sitawadanganya, lakini haina ile presha ya kusukumana nayo kila inapowaka. Watafiti wanazungumzia kuokoa stima asilimia 20 mpaka 30 siku moja. Hizo ni hesabu za maabara, za Langoni tutazipata tukiweka mita hapa.

Mtasema tusubiri wakubwa wa dunia wamalize kisha tutanunua. Hivi ndivyo tulivofanya kwa kila kitu na matokeo yake yako nje ya kibanda changu.

Na kuna lile halisemwi waziwazi, kwamba huyu ni fundi wa mtaani anajua nini. Mimi sina digrii. Nina daftari. Kila friji iliyopita mikononi mwangu nimeandika mwezi, mtaa, aina, gesi gani, imekufa kwa nini, tangu enzi za majenereta ya dizeli kabla laini kubwa ya stima haijafika kisiwani. Sijui ofisi gani kati ya zenu ina kumbukumbu kama hiyo.

Basi ninachoomba ni hiki.

Kwanza jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa, lenye jina na sababu, ndani ya siku 30. Barua tatu bila jibu ni nyingi kwa mtu mzima.

Pili, tenda yoyote ya friji au chumba cha baridi itakayotoka kuanzia sasa iandike wazi gesi ni ipi na itapatikana mpaka lini, herufi ya stika iwe T, mabomba yawe yamepakwa dawa ya chumvi, kinga ya stima iwemo ndani ya bei, na kabla ya kusaini muwaite mafundi wa Amu, Faza na Mokowe waikague. Hatutaki malipo, chai inatosha.

Tatu, mashine moja ya kunyonya gesi kutoka friji mbovu, moja tu, tuigawane mafundi wote. Vijana wangu bado wanaimwaga hewani kwa sababu sina cha kuwapa nikawakataza.

Nne, na hili ndilo la barua yenyewe: muwaandikie hao watafiti. Sio mimi, mimi wataniona mtu wa mtandaoni tu, nyinyi mna karatasi yenye nembo. Muwaambie Lamu inatoa chumba kimoja karibu na bahari, mita ya stima, kipimajoto, vijana wawili wa chuo cha ufundi wa kuandika hesabu kila siku kwa mwaka mzima kaskazi na kusi, na mafundi wa kuifungua ikikwama. Walete mashine yao ya majaribio, hata ndogo ya kupoza chupa mbili za maji. Nusu yao watakataa. Mmoja akikubali inatosha.

Tano, vijana wa friji na eya kondishoni wafundishwe somo hili angalau wiki moja kwa mwaka. Mpira wa manati ntaleta mwenyewe.

Daftari nimeshalitoa kopi, liko kwenye mfuko wa nailoni lisiingie unyevu. Mkitaka kulitazama tumeni mtu kibandani baada ya alasiri, aulize kwa fundi mwenye rundo la kompresa, mtoto yeyote wa Langoni atamleta. Na akija aje na jibu la ile barua ya kwanza yenye muhuri wenu.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa friji, Langoni, Amu